Gari langu linaimba, na sikutoa milioni moja na nusu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita mwandishi wa ukurasa wenu wa magari alitushauri kwamba mwenye gari la mtumba asiye na shilingi 1,500,000 za kununua skrini, amplifaya na sabufa asijisumbue, abaki na redio aliyoikuta. Niliyasoma hayo kituo cha mafuta Chumbageni nikisubiri zamu yangu, gazeti nimeliegemeza kwenye usukani, mkono wa kushoto unapunguza sauti ya muziki ambao kwa hesabu yake sina haki ya kuwa nao. Mimi nimetumia 236,000, ufundi ukiwa ndani yake. Naomba nafasi nimjibu.

Mimi ni mkunga. Nakaa Tanga mjini, kazini kwangu ni Muheza, na siku nne au tano za wiki niko kwenye lami ile ya kupita Pongwe, mara naondoka saa kumi na moja alfajiri, mara narudi kutoka zamu ya usiku macho yamejaa mchanga. Redio ndiyo inayonizuia nisisinzie. Gari langu ni Toyota IST la 2004, lililoshapita mikono miwili kabla ya kufika kwangu.

Wenye magari ya Kijapani mtanielewa. Ukiwasha swichi tu, bibi mmoja asiyeonekana anatoa sauti: "Kaado ga sonyuu sarete imasen." Wifi yangu aliamini kwa miezi mingi kwamba gari linamwamkia, akawa analiitikia "marahaba" kila akipanda. Kumbe bibi wa watu analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Sauti hiyo haitoki hata kwenye redio, inatoka kwenye kidude cha hiyo kadi. Kwangu kilikuwa chini ya dashibodi na kina soketi yake, unaichomoa, kwisha. Nalitaja hili kwa sababu mwenzangu mmoja kazini alitozwa 30,000 eti "kubadilisha lugha ya gari".

Redio niliyoikuta ilikuwa pana, yenye midomo miwili, mmoja wa CD na mwingine wa MD. MD ni zile sahani ndogo ndani ya kasha, Sony walizitoa mwaka 1992, na hapa Tanga sijaona hata moja. USB hakuna, Bluetooth hakuna, tundu la waya wa simu hakuna. FM ndiyo usiseme. Wajapani walipanga FM yao kati ya megahezi 76 na 90, kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 walikuwa wamezipa chaneli za televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa kwao 2011 nafasi ikapatikana, na tangu mwishoni mwa 2014 redio zao zinapanda hadi 95. Gari la 2004 halijui habari hizo. Sisi huku FM yetu ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari linapoteremka bandarini linasikia kipande kile kidogo cha 87.5 hadi 90 tu, na mwenye gari anadhani antena mbovu.

Hapo ndipo unapouziwa ekspanda, kidude kama kiberiti kinachoungwa kwenye waya wa antena. Sikatai, kinafanya kazi, na ni 15,000 hivi. Lakini mwandishi wenu alikisifu kwamba "kinafungua stesheni zote", na hilo si kweli, hesabu yenyewe inakataa. Ekspanda ya 12 inashusha kila stesheni kwa megahezi 12: ya 93.7 unaikuta kwenye 81.7, ya 100 unaikuta kwenye 88. Ya 104 je? Itakuwa 92, na redio yako imeishia 90. Dirisha la Mjapani lina upana wa megahezi 14, masafa yetu ni 20 na nusu. Ukilisogeza dirisha juu unapoteza za chini, ukilisogeza chini unapoteza za juu. Na bado uwe na kichwa cha kukumbuka kwamba nambari unayoiona siyo stesheni unayoisikiliza.

Sasa nisimulie kosa langu, maana mwandishi wenu anawapeleka watu palepale nilipoangukia mimi.

Mwaka juzi nilikwenda Dar kwenye arusi, nikapita Kariakoo kwenye duka moja ambalo silitaji. Kijana akanionyesha skrini ya inchi 7, ya Android, inawaka kama duka la simu. "Mama, hii ni wati 50 mara nne, utasahau mziki wa arusini." Nilitoa 280,000. Walinifungia barabarani palepale, saa moja haikwisha. Nikaona yule fundi anakata soketi ya Toyota kwa koleo, anazisokota nyaya kwa vidole na kuzizungushia tepu nyeusi. Nilinyamaza. Mtu akifanya kazi kwa haraka na kwa kujiamini, wewe usiye fundi unadhani ndiyo ujuzi.

Kurudi Tanga nikaweka taarabu. Picha ya msanii ilionekana vizuri sana. Sauti ilikuwa ileile! Nyembamba, kama inatoka ndani ya debe, na nikiongeza inakwaruza. Mchana jua likipiga dashibodi skrini sioni kitu, na ikipata joto inaganda. Halafu nikawa na siku nne za mapumziko, gari limelala nje. Siku ya tano saa kumi na nusu alfajiri nawasha, kimya, hata bibi wa Kijapani hakulalamika. Nilikwenda kazini kwa bajaji na Hiace, nikafika nimechelewa, na mwenzangu wa usiku alikuwa na mama mwenye uchungu, njia imeshafunguka sentimita 8. Hakuninunia, ila mimi nilijinunia siku nzima.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni kijana wa shoga yangu, amesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA, anarekebisha redio na televisheni barazani kwao. Aliifungua dashibodi akacheka. "Mamdogo, hawa wameunga waya wa njano na mwekundu pamoja." Kumbe redio hizi za dukani zina waya wa njano unaotaka umeme wa betri muda wote, ndio unaotunza kumbukumbu za stesheni, na mwekundu unaotakiwa kupata umeme ukiwasha swichi tu. Ukiziunga zote mbili kwenye betri, redio haipati usingizi kamwe. Inanyonya kidogo kidogo usiku na mchana. Ukizigeuza kinyume, kila ukizima gari inasahau stesheni zako. Na tepu ile nyeusi ilikuwa imeshateleza kwa joto, gundi imekuwa kama asali, waya uko uchi nusu kidole kutoka kwenye bodi ya gari.

Kisha akaniuliza swali ambalo Kariakoo hakuna aliyeniuliza: "Spika zenyewe umeziona?"

Hapa ndipo ninapotaka Mhariri umwambie mwandishi wako asimame kidogo, maana katika makala yake yote spika za milangoni zilipata mstari mmoja. Tulifungua kava la mlango wa dereva. Skrubu moja iko nyuma ya kitasa, nyingine kwenye mkono wa kufungia, zilizobaki ni klipu, unavuta kwa uangalifu. Ndani kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Msiichane wala kuitupa: mvua inaingia ndani ya mlango kila siku kupitia pembeni mwa kioo, na nailoni ile ndiyo inayoizuia isiingie kwenye mazulia yenu. Nyuma yake ikawa spika ya sentimita 16, ya karatasi, imepigwa riveti. Miaka karibu ishirini ya unyevunyevu na joto. Karatasi ilikuwa imepasuka ukingoni kwa robo ya mzunguko, na sumaku yake ndogo kama kizibo cha chupa ya chai. Nilikuwa nimeweka skrini ya 280,000 ili ipeleke muziki kwenye hicho.

Na ile habari ya "wati 50 mara nne"? Kijana wa shoga yangu akanipigia hesabu kwenye kisanduku cha dawa. Gari likiwa linanguruma betri inapata volti 14 na pointi kidogo. Kwa spika ya om 4 (kipimo cha ukinzani wake), redio isiyo na amplifaya ya nje haiwezi kutoa wati safi zaidi ya 20 na ushee, hata iandikwe nini usoni. Nambari kubwa ya kwenye boksi inapimwa sauti ikiwa imeshaharibika. Kwa hiyo spika ikikwambia 600W na sumaku yake ni kama kifungo cha koti, iache. Angalia nyuma ya boksi nambari ya dB. Hiyo ndiyo inayokwambia spika inatoa sauti kiasi gani kwa umeme mdogo inaopewa, na kila dB 3 zinazoongezeka ni sawa na kuwa na redio yenye nguvu mara mbili. Spika ya 92 kwa redio ya kawaida inaishinda ya 86 kama vile umeongeza nguvu mara nne, bila kununua amplifaya.

Skrini niliiuza kwa kijana wa bodaboda anayejenga gari lake, 150,000. Hasara ya 130,000 siihesabu kwenye zile 236,000, naihesabu kwenye ada ya shule. Nikaanza upya, na daftari la matumizi ninalo mbele yangu.

Redio ya DIN moja, yaani kimo chake ni nusu ya ile niliyoikuta, haina skrini, ina Bluetooth, USB na FM yetu, 75,000, mtumba lakini safi. Hapo pana mtego: mitumba mingi ya redio nzuri nayo inatoka Japani na ina FM ileile ya 76 hadi 90. Usilipe mpaka wakuchomekee kwenye betri uone inapanda zaidi ya 100. Soketi ya kugeuzia, inayoingia kwenye soketi ya Toyota bila kukata waya hata mmoja, 8,000. Kwangu ilibidi kijana wa shoga yangu ailehemu soketi ya kiwandani upya kutoka gari bovu, kwa sababu ile yangu ilikuwa imeshachinjwa. Elfu nane, Mhariri. Fundi anayekukatia soketi anakuokolea elfu nane na kukuachia hatari ya moto. Fremu ya plastiki ya kuziba nafasi, 10,000. Tundu la Toyota ya Kijapani lina upana wa milimita 200 na redio za dukani ni 180, kwa hiyo bila fremu utabaki na mapengo pembeni. Ya kwangu ina kijisanduku pia chini, naweka chenji za maegesho.

Spika mbili za milango ya mbele, za inchi 6 na nusu, zenye twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, katikati, dB 91, zilinigharimu 85,000. Sikununua za nyuma. Dereva ni mimi na nakaa mbele.

Spika mpya ina mgongo mrefu kuliko ya zamani, na kioo kikishuka kinaweza kugonga sumaku, kwa hiyo inahitaji ringi ya kuisogeza nje. Fundi mmoja alitaka kunichongea ya plaiwudi. Kijana akakataa: mbao ndani ya mlango zinanyonya maji na kuvimba. Tulikwenda sokoni Ngamiani tukanunua vibao viwili vya plastiki vya kukatia vitunguu, 5,000 kila kimoja, akavikata duara kwa msumeno mdogo. Muuza vyombo aliuliza kama nafungua hoteli.

Na hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote: tepu ya lami, ile ya kuzibia mabati yanayovuja, rola moja 18,000. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja. Mlango ukiwa na matundu wazi, hewa ya nyuma inazunguka na kuimeza ya mbele, na kinachomezwa kwanza ni besi. Mlango wa gari ni bati jembamba lenye matundu makubwa ya kiwandani. Tulibandika lami ndani ya bati la nje, tukaziba matundu ya bati la ndani, tukaacha yale madogo ya chini kabisa, kwani ndiko maji ya mvua yanakotokea. Ukiyaziba hayo mlango utaoza. Kabla ya hapo ukigonga mlango wangu ulilia ngwaa, sasa unalia dup. Mimi kazi yangu ni kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kupitia tumbo la mama kwa kile kitarumbeta cha mkunga, najua tofauti ya sauti iliyozibwa vizuri na inayovuja pembeni. Ukikiinua kitarumbeta unywele mmoja tu, moyo unapotea.

Ufundi 30,000, siku moja na chai mbili. Jumlisheni wenyewe.

Kuna jambo moja dogo la bure. Kabla ya kufunga, kijana alichomoa betri ya saa yangu ya ukutani, ile ya volti 1 na nusu, akaigusisha kwenye nyaya za kila spika. Spika ikiruka mbele, waya uliogusa upande wa kujumlisha ndio wa kujumlisha. Akagundua kwamba kule Dar walikuwa wamegeuza nyaya za mlango wa kulia: spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Besi inakufa katikati ya gari na mwimbaji anasikika kama yuko pande mbili na hayuko popote. Mtu yeyote mwenye redio inayosikika nyembamba aanze hapo, kabla hajatoa hata shilingi.

Siwakatazi wanaotaka amplifaya na sabufa. Ila mwandishi wenu alisahau fyuzi, na hilo silimezi. Waya mnene unaotoka betrini kwenda nyuma lazima uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, isiwe kule kwenye amplifaya, kwa sababu inalinda waya. Noah ya jirani yangu ilitoa moshi mbele ya nyumba yake, waya ulipitishwa kwenye tundu la bati bila raba, bati likaukereza mpaka likagusa shaba. Si shaba hasa, maana nyaya nyingi zinazouzwa rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani ujue unahitaji waya mnene zaidi ya uliouziwa.

Siku tuliyomaliza niliweka taarabu za zamani za hapahapa Tanga, za enzi za Black Star na Lucky Star, ambazo nimezisikia tangu tumboni. Nilikuwa sijui kwamba gita la besi linafanya kazi kubwa namna ile. Kwa miaka yote nilikuwa nasikia mwimbaji na kinanda, sasa chini yake kuna mtu anatembea taratibu, hakosei hatua. Nilipitiliza kituo cha kazi, nikageuzia mbele kwenye wauza machungwa.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba ukurasa wa magari uwe unaandika bei kifaa kwa kifaa na kusema kipi kinaanza. Na mwandishi wenu namkaribisha. Apande basi mpaka Tanga, mimi nitampeleka Muheza na kumrudisha, mafuta yangu. Aje na fleshi yake mwenyewe yenye nyimbo anazozijua, na akae kiti cha mbele, maana za nyuma bado ni za karatasi.

Mkunga mwenye IST,
Chumbageni, Tanga